Mama Mja Mzito na Eksirei: Haya Isimfunge Kinywa



Katika majumba yetu mimba changa huwa ni siri. Mke humficha hata mavyaa wake, kwa kuona haya na kwa kuchelea jicho la hasidi. Ada hii hatuibezi. Lakini upo mlango mmoja ambao haifai kuuvuka na siri hiyo, nao ni mlango wa chumba cha eksirei.

Eksirei ni miale isiyoonekana, ipenyayo nyama na kutupa picha ya mifupa. Katika kupenya kwake huweza kujeruhi seli za mwili. Seli nyingi hupona. Chache hubaki na kasoro ambayo, baada ya miaka, yaweza kuzaa saratani. Mtoto wa tumboni ni mwepesi zaidi kudhurika, kwani seli zake zimo mbioni kugawanyika.

Jambo hili lilijulikana kwa kuwasikiliza akina mama. Katika miaka ya 1950, Alice Stewart, daktari wa Oxford nchini Uingereza, alitaka kujua sababu ya saratani kuwaua watoto wadogo. Akaagiza waulizwe mama wa watoto hao, na mama wa watoto wazima, waliyoyakumbuka tangu siku za mimba. Ikadhihiri kwamba watoto wa waliopigwa eksirei ya tumbo wakiwa waja wazito walikufa kwa saratani kiasi cha mara mbili ya wenzao. Aliyatangaza hayo mwaka 1956 na 1958, na wakubwa wa fani wakampinga kwa miaka mingi.

Hata hivyo, tupime kwa mizani ya haki. Saratani ya utotoni ni nadra, na jambo la nadra likizidi mara mbili bado ni nadra. Watoto wengi mno wa mama hao walisalimika.

Ama madhara makubwa zaidi, yalionekana Japani baada ya mabomu ya Hiroshima na Nagasaki mwaka 1945. Baadhi ya watoto waliokuwa tumboni, hasa wa kati ya wiki ya 8 na ya 15, walizaliwa na vichwa vidogo na akili zisizokomaa. Lakini hicho kilikuwa kipimo kikubwa cha miale, kisicholingana na picha ya hospitali.

Je, madhara hurithiwa? Watoto zaidi ya 70,000 ambao mimba zao zilitungwa baada ya mabomu yale, kwa wazazi walionusurika, wamefuatiliwa kwa miongo mingi, na hakujathibitika ongezeko la maradhi ya kurithi. Basi binti asikataliwe posa eti mzazi wake aliwahi kutibiwa kwa miale.

Khofu nayo ina maafa yake. Mtambo wa nyuklia wa Chernobyl ulipolipuka Aprili 1986, taharuki ilienea hadi Ugiriki. Miale iliyowafikia watu huko haikutimia hata miligrei 1. Pamoja na hayo, wataalamu wa nchi hiyo walikadiria kwamba mimba zipatazo 2,500, zilizokuwa zimetakwa na wazazi, zilitolewa kwa khofu tupu. Ilhali wataalamu wa miale wanasema kipimo kilicho chini ya miligrei 100 si sababu ya kutoa mimba.

Eksirei ya kifua humfikishia mtoto wa tumboni chini ya miligrei 0.01. Kwa hiyo mama anayeshukiwa kifua kikuu asiikimbie. Skani ya CT ya tumbo na nyonga ndiyo nzito: yaweza kufika miligrei 10 hadi 25, au zaidi.

Basi, dada zetu, tunausia mambo matatu. Kwanza, siku zako zikichelewa, mwambie daktari na mpiga picha kabla ya mashine kuwashwa, hata kama mumeo hajajua. Pili, uliza kama altrasaundi, isiyo na miale hii, yaweza kutosha. Tatu, ikiwa ulipigwa picha bila kujua kuwa una mimba, usikimbilie dawa za kuitoa. Rejea hospitali, uombe kipimo ulichopata kikadiriwe. Uhai ni amana, wala hauondolewi kwa dhana.

Nanyi waume, fuataneni na wake zenu hospitalini, ili penye haya ya mke pawepo na ulimi wa mume.

Mola avihifadhi vizazi vyetu. Amin.