Jaribio Moja Halitoshi Kuihukumu Lami

Lori lenye shehena likipanda mlima polepole juani, lami iliyolainika husukumwa pembeni, na mifereji miwili hubaki pale magurudumu yanapopita. Mvua ikinyesha, maji hutuama humo na kuhatarisha wasafiri. Ili kuibaini lami dhaifu mapema, maabara nyingi hutumia kipimo kilichobuniwa Hamburg, Ujerumani, miaka ya 1970. Gurudumu la chuma lenye mzigo wa nyutoni 705 hupita juu ya sampuli iliyozamishwa kwenye maji ya nyuzi 50 za Selsiasi, takriban mara 52 kwa dakika, hadi mara 20,000. Katika jimbo la Texas, Marekani, mchanganyiko wa lami na kokoto hukataliwa mfereji ukizidi milimita 12.5 kabla ya kutimia idadi ya mipito iliyowekwa kwa daraja la lami yake. Kikomo kama hicho kinahitajika. Kosa ni kukitumia kutoa hukumu kwa jaribio moja, bila kujali matokeo hutawanyika kiasi gani.

Sampuli mbili za mchanganyiko uleule hazilingani kabisa. Kokoto kubwa zinaweza kukaa chini ya gurudumu katika moja na kukosekana katika nyingine; matundu ya hewa hulengwa kuwa asilimia 7, lakini hupungua au kuzidi kidogo. Isitoshe, maji yanapoanza kuibandua lami kwenye kokoto, mfereji huzama kwa kasi. Tofauti iliyokuwa ndogo mwanzoni hupanuka karibu na kikomo, palepale uamuzi unapofanywa.

Tuchukue mfano wa hesabu. Tuseme wastani halisi wa mchanganyiko ni milimita 11.5, na mkengeuko sanifu wa matokeo ni milimita 2. Kwa mtawanyiko wa kawaida, jaribio moja litaikataa lami hiyo nzuri takriban mara 31 katika kila 100. Mchanganyiko mbovu wenye wastani wa milimita 13.5 nao utapita mara 31 hizohizo. Mkandarasi mwaminifu anaonewa, na mlipakodi anauziwa barabara isiyodumu. Tukitumia wastani wa majaribio manne, makosa ya pande zote mbili hushuka hadi takriban 16.

Wapo watakaosema dawa ni mafundi makini. Umakini husaidia, lakini haupangi kokoto zikae sawasawa katika kila sampuli. Wengine watalalamikia gharama, kwani jaribio kamili huchukua zaidi ya saa 6. Hoja hiyo ina uzito, ndiyo maana majaribio ya ziada yaelekezwe kwenye matokeo yaliyo karibu na kikomo. Mchanganyiko wenye milimita 4 hauhitaji mjadala. Lakini kila ripoti iandike idadi ya sampuli, wastani na mtawanyiko wake. Mhandisi anayepewa wastani peke yake hawezi kujua kama anahukumu lami yenyewe au bahati ya sampuli.