Je, Wajua? Leseni ya rubani hufuata mkia wa ndege
Mgeni mwenye leseni ya urubani ya Uingereza hawezi kukodi ndege ndogo ya Kenya na kuirusha juu ya Diani vivi hivi. Kanuni, tangu Mkataba wa Chicago wa 1944, ni kwamba leseni hutolewa au huidhinishwa na nchi iliyosajili ndege. Tazama alama ya usajili ubavuni mwa ndege: 5Y ni Kenya, basi abishe hodi kwanza kwa Mamlaka ya Usafiri wa Anga. Angekuja na ndege yake yenye herufi G, leseni ya kwao ingemtosha. Ajabu, lakini ndivyo. Na akiruka hadi Vanga, karibu na mpaka, aangalie: mikoko inaendelea tu hadi Tanzania, wala mpaka hauonekani, ila kuuvuka kwahitaji mpango wa safari uliowasilishwa mapema. Ng'ambo ya pili, ndege ni 5H.