Utafiti wa afya kijijini una faida gani kwa mkulima?

MTAFITI anapofika kijijini na dodoso mkononi, akiuliza nani aliugua na nani alifariki, wakulima wengi hujiuliza maswali hayo yatawasaidia nini. Wana haki ya kuuliza. Muda wa mkulima ni mali, na fedha za utafiti zingeweza kununua dawa.

Jibu moja linatoka katika wilaya za Rufiji na Morogoro Vijijini. Huko, mwishoni mwa miaka ya 1990, Wizara ya Afya na shirika la IDRC la Canada waliendesha mradi wa utafiti ulioitwa TEHIP. Kwa kuwa vifo vingi vilitokea nyumbani na havikuingia katika vitabu vya hospitali, familia zilifuatwa majumbani na kuulizwa marehemu alikuwa na dalili gani. Majibu yalijumlishwa, kisha yakalinganishwa na bajeti ya afya ya wilaya.

Ilibainika kuwa fedha hazikufuata ugonjwa. Morogoro Vijijini mwaka 1996, malaria ilichukua karibu asilimia 30 ya miaka ya uhai iliyopotea, lakini ilipata asilimia 5 tu ya bajeti. Ni sawa na mkulima ambaye mahindi yake yanaliwa na wadudu, naye fedha anazimalizia kwenye kupaka ghala rangi.

Wilaya zilibadili mipango. Fedha zaidi zilikwenda kwenye vyandarua vyenye dawa na kwenye mafunzo ya watumishi wa zahanati kuhusu tiba ya watoto. Nyongeza iliyotumika haikufika dola moja ya Marekani kwa kila mtu kwa mwaka. Katika muda wa miaka mitano hivi, vifo vya watoto vilipungua kwa zaidi ya asilimia 40.

Hata hivyo, mchumi makini hawezi kuupa utafiti sifa zote. Mwaka wa mavuno mazuri nao hupunguza vifo. Ndiyo maana hali hupimwa kabla na baada ya mradi, na kulinganishwa na wilaya jirani ambazo hazikuwa na mradi.

Kuna pia hasara ambayo vitabu vya zahanati haviioneshi. Mtoto akiugua wakati wa palizi, mama huweka jembe chini, na magugu hayamsubiri. Vikundi vya wakulima vinaweza kuandika siku za kazi zilizopotea na gharama za nauli na matibabu, msimu hadi msimu.

Mtafiti akija, mjibuni. Lakini nanyi muulizeni: matokeo mtatuletea lini, na ni kifungu gani cha bajeti ya halmashauri kitakachobadilika? Utafiti usiohamisha hata shilingi moja kwenda panapohitajika umekula muda wa mkulima bure.