Fundi wa Nyamira hakosi akili, amekosa mlango

Ukishuka Keroka au Nyamira mjini, pitia upande wa gereji za jua kali. Hapo mafundi wanafufua Probox zilizokwisha kukata tamaa, wanachomelea fremu zilizovunjika na kuhamisha injini kutoka gari moja hadi jingine. Mwambie mmoja wao aunde gari zima, naye hatakuuliza ataliundaje. Atakuuliza: nani atalisajili?

Swali hilo Waingereza walilijibu zamani, na ni vyema tujue walivyolijibu.

Baada ya Vita vya Pili vya Dunia, gari jipya nchini Uingereza lilitozwa kodi kubwa ya ununuzi. Gari lililouzwa kwa vipande halikutozwa kodi hiyo. Penye upenyo, fundi hupenya. Mwaka 1957 Colin Chapman, mwanzilishi wa Lotus, alitoa Lotus Seven: fremu ya mabomba membamba ya chuma, bodi ya alumini, na mara nyingi injini ya Ford. Mnunuzi aliletewa vipande, akaunganisha mwenyewe nyumbani kwake. Mwaka 1958 ndugu wanne wa familia ya Walklett wakaanzisha Ginetta. Mwaka uliofuata Jem Marsh na Frank Costin wakaanzisha Marcos. Costin alikuwa mhandisi wa ndege, na magari yao ya kwanza yalikuwa na fremu ya mbao za plaiwudi. Watu walicheka, lakini magari yalishinda mashindano.

Mwaka 1973 kodi ya VAT ilichukua nafasi ya kodi ya ununuzi na upenyo ukazibwa. Lotus ikauza haki za Seven kwa kampuni ya Caterham, ambayo inaliuza hadi leo, hata kwa vipande. Wengine walifuata njia ya unafuu. Dutton, iliyoanza mwaka 1970, ilimwambia mteja: chukua Ford Escort iliyoliwa na kutu, toa injini, gia na ekseli, uvipachike katika bodi yetu mpya ya faiba. Kwa hiyo mali ghafi ya fundi wa Kiingereza ilikuwa gari chakavu, ile ile aliyo nayo fundi wa Keroka.

Tofauti ni mlango. Tangu 1998 Uingereza ina mtihani maalumu wa gari moja moja, uliofanyiwa mageuzi mwaka 2009. Mkaguzi huangalia breki, taa, usukani, mikanda, moshi, hata kona kali za bodi zinazoweza kumkata mpita njia. Likifaulu, lasajiliwa. Kama asili ya vipande vyake haijulikani, hupewa nambari inayoanza na herufi Q, ili kila mnunuzi ajue anachonunua.

Na sisi je? Sheria zetu pia hupendelea vipande, ila vya wakubwa. Vipande vinavyoletwa kuunganishwa katika viwanda vilivyoidhinishwa, kama AVA hapa Mombasa au kile cha Thika kilichoanza kwa jina la Leyland Kenya, husamehewa ushuru wa forodha. Mwagizaji wa mitumba naye ana kanuni yake: gari lisizidi miaka 8 na usukani uwe kulia. Fundi wa gari moja hana mtihani wake. Gari lake hupigwa picha, husifiwa na wanasiasa, kisha huozea uani.

Tumejaribu kutoka juu. Mwaka 1986 Rais Moi alikipa Chuo Kikuu cha Nairobi kazi ya kuunda gari la Kenya. Nyayo Pioneer likaonyeshwa mwaka 1990, na halikufika sokoni. Kisha akaja Mwingereza Joel Jackson, aliyekuwa akifanya kazi na shirika la upandaji miti huku kwetu Pwani. Akaanzisha Mobius: fremu ya mabomba ya chuma, bila madoido, kwa ajili ya barabara mbovu. Agosti 2024 kampuni ilitangaza kufunga, ikiwa imelemewa na madeni na kodi, kabla ya kupata mnunuzi mwingine.

Haja yenyewe haijafunga. Nyamira ni vilima na matope. Majani ya chai yaliyochumwa asubuhi yanapaswa kufika kiwandani Kebirigo au Nyansiongo siku hiyo hiyo, la sivyo yanaharibika. Mkungu wa ndizi nao hausubiri mvua iishe. Gari jepesi, rahisi kutengeneza kwa spea za Toyota, lingefaa huko, na lingefaa Ganze na Kinango pia.

Hatudai fundi asamehewe usalama. Barabara zetu zimeshaua wengi mno. Twaomba apewe mtihani: orodha ya masharti iliyoandikwa, mkaguzi aliyefunzwa, ada anayoimudu, na nambari akifaulu. Akifeli, aambiwe breki ipi arekebishe, arudi tena. Kumsifu kijana na kumnyima njia ni kumpaka mafuta kwa mgongo wa chupa.