Mwarobaini wa Ganda: gogo lina mnunuzi, kisiki hakina

Mwarobaini hauhitaji kuelezwa kwa mkazi wa Ganda, Msabaha au Gede. Uko uani, uko kando ya barabara, na kwa miaka mingi sasa umejipenyeza kwenye vichaka vinavyopakana na msitu wa Arabuko-Sokoke. Umelisha wengi: wachongaji wa Malindi, wauza kuni, akina mama wanaookota mbegu za kukamua mafuta. Ndiyo maana maafisa wa misitu wanapenda kurudia hoja moja, kwamba mti mgeni ukipata soko, soko lenyewe litaupunguza. Wanaoishi kwa mti huu hawaioni hivyo, na nadhani wana haki.

Mfanyabiashara mmoja wa magogo anayewapelekea wachongaji mzigo alikubali kuzungumza bila kutajwa jina, kwa kuwa bado anaomba vibali katika ofisi zilezile anazozilalamikia. Anasema hununua mti ukiwa umesimama shambani, kisha huanza safari ya makaratasi: barua ya chifu, kibali cha kukata, kibali cha kusafirisha, halafu ushuru wa sesi kwenye kizuizi. Lori likichelewa, tarehe ya kibali hupita na yeye huanza upya. Kinachomuuma zaidi ni kwamba mti unaotangazwa kuwa adui wa msitu unatozwa na kukaguliwa kana kwamba amekata muhugu, mti wa asili wa msitu huo. Kwa gharama hizo, anasema, hawezi kubeba miti myembamba. Huchagua shina nene lililonyooka, hukata, hupakia, huondoka. Kisiki si kazi yake, wala hajawahi kuona mtu wa kukilipia.

Na kisiki ndicho chenye mambo. Mwarobaini haufi kwa kukatwa. Mvua ikipita, kisiki huchipua pande zote, na palipokuwa na shina moja husimama fimbo kadhaa zinazogombania mwanga, nyembamba mno kwa mchongaji na ngumu mno kung'olewa kwa mkono. Matunda yake ya manjano nayo huliwa na popo, nyani na ndege, na mbegu huangushwa popote wanapotua: chini ya mbambakofi, chini ya mrihi, hata kwenye kuta za magofu ya Gede. Liko jambo la kutia moyo ambalo halisemwi vya kutosha: mbegu hiyo haidumu ardhini. Isipoota ndani ya miezi michache, imekufa. Eneo likisafishwa, visiki vikachimbwa, kisha watu wakarudi baada ya kila msimu wa mvua kung'oa miche, msitu una nafasi ya kweli. Mche wa urefu wa kidole ukivutwa udongo ungali mbichi hutoka na mzizi wake wote. Ukingojewa hadi kiangazi, hukatika shingoni na mzizi hubaki chini.

Ikumbukwe kwamba biashara hii ilianza kwa nia njema. Muhugu wa Arabuko-Sokoke ulikuwa ukimalizwa na vinyago, ndipo wachongaji wa pwani wakahimizwa kuhamia mwarobaini, jakaranda na mwembe. Mbao za mwarobaini ni za ukoo mmoja na mkangazi, zina wekundu unaopendeza na mchwa huzikwepa, ingawa zikikaushwa kwa pupa hupasuka. Muhugu ulipata nafuu. Lakini kuupunguza mwarobaini ni ahadi nyingine, na hiyo inategemea watalii wanaonunua vinyago. Walipotoweka wakati wa korona mwaka 2020, miti iliendelea kuzaa.

Ofisa mmoja wa misitu, naye kwa sharti la kutotajwa, alirudi kila mara kwenye takwimu moja: asilimia 12.13. Hicho ndicho kiwango cha ardhi ya Kenya kilichotangazwa kuwa kimefunikwa na miti, na serikali inataka kifike asilimia 30 ifikapo 2032 kwa kupanda miti bilioni 15. Kwake huo ni ushahidi kwamba kazi inafanyika. Lakini kipimo hicho hakiulizi mti umetoka wapi. Mwarobaini uliousonga mrihi unahesabiwa sawa na mrihi. Anayeupanda ameongeza asilimia, anayeung'oa ameipunguza, na katika vitalu vya kando ya barabara miche yake bado inauzwa pamoja na ya mvinje. Alipoulizwa ni sehemu gani za msitu zilizosafishwa zimewahi kurudiwa mwaka uliofuata, alisema taarifa hizo ziko makao makuu.

Vijana wa vikundi vya misitu vya jamii wanaijua kazi hiyo ya kurudi, maana ndio hupewa panga, jembe na simu ya kuandikia mahali mche ulipoonekana. Hulipwa kwa siku, mradi ukiwepo. Mradi ukiisha, daftari hufungwa. Katika kaya, misitu mitakatifu ya Wamijikenda, mambo ni magumu zaidi: mila inakataza kukata na kutoa miti, kwa hiyo soko haliingii kabisa, na mwarobaini hauombi ruhusa ya wazee.

Mti wa mathenge, nao mgeni, ni onyo lililo karibu. Uliletwa miaka ya 1970 na 1980, ukatangazwa gugu haribifu mwaka 2008, na mkaa wake una wanunuzi. Hata hivyo bado unatambaa kando ya mto Tana, kwa sababu mbuzi hula maganda na kutawanya mbegu zinazoweza kungoja ardhini kwa miaka.

Wakulima wa maembe wameona sura nyingine ya soko. Nzi wa matunda kutoka Asia aligunduliwa nchini 2003, na mwaka 2014 Kenya ilijizuia yenyewe kupeleka maembe Ulaya hadi 2021. Pale mnunuzi alidai ukaguzi, kwa hiyo mitego na kuzika maembe yaliyooza vikawa sehemu ya bei. Mnunuzi wa kinyago hadai chochote kuhusu kisiki. Mnunuzi wa mafuta ya mwarobaini ndiye wa kutiliwa shaka zaidi, kwani anahitaji miti mikubwa ibaki imesimama ikizaa.

Pendekezo linalosikika sasa ni kumpunguzia ada yeyote atakayechimba kisiki. Ofisa anasema linatazamwa, bila kutaja tarehe. Huenda likasaidia mashambani. Ndani ya msitu sina hakika. Mwenye magogo anasema akipunguziwa sesi atachimba. Kuhusu kurudi baada ya masika kung'oa miche hakuahidi kitu, ila aliuliza siku hiyo atalipwa na nani.