Mchezo wa Wengi, Kazi ya Askari

Kila ufikapo mwezi wa Julai, magazeti ya Ufaransa hurudia habari za namna moja: mpanda mlima ameteleza, mwingine amepigwa na jiwe, wawili hawajarudi, na helikopta imetoka Chamonix kuwatafuta. Wasikilizaji walio katika jeshi na polisi huenda wamekwisha kuona kwamba katika habari hizo mtu anayetajwa kufika wa kwanza si mtu wa zimamoto wala mwenyeji aliyejitolea, bali ni askari. Mambo hayakuwa hivyo tangu zamani. Yalibadilika baada ya vijana wawili kufa polepole mbele ya macho ya mji mzima.

Chamonix ni mji mdogo wenye wakazi wapatao 9,000. Umekaa katika bonde jembamba, mita 1,035 juu ya usawa wa bahari, upande wa mashariki wa Ufaransa ambako nchi hiyo inapakana na Italia na Uswisi. Juu yake umesimama Mont Blanc, mlima wa mita 4,800 na ushei, uliofunikwa na theluji mwaka mzima. Watu wa bonde hilo walikuwa wakulima maskini na wafugaji wa ng'ombe, na baadhi yao walipanda majabalini kuwinda au kutafuta mawe ya fuwele ya kuuza. Mmoja wa watafuta fuwele hao, Jacques Balmat, pamoja na daktari wa hapo, Michel-Gabriel Paccard, walifika kileleni tarehe 8 Agosti 1786, wa kwanza kufanya hivyo. Baada yao wakaja wageni, na mlima uliokuwa ukiogopwa ukageuka kuwa riziki ya mji.

Leo watu huenda Chamonix kwa mchezo. Wakati wa baridi huteleza juu ya theluji kwa mbao zilizofungwa miguuni. Wakati wa joto hupanda miamba kwa kamba, hutembea juu ya mito ya barafu, na wengine huruka kwa miavuli. Michezo ya kwanza ya Olimpiki ya majira ya baridi ilifanyika hapo mwaka 1924. Tangu mwaka 1955 kuna gari la waya linalompeleka mtu hadi Aiguille du Midi, mita 3,842, kwa muda wa dakika 20 tu. Hapo ndipo ulipo mtego. Kilele cha Margherita katika milima ya Ruwenzori ni mita 5,109, nacho kinaushinda Mont Blanc kwa urefu. Lakini anayekwenda Margherita hutembea siku kadhaa katika matope na mvua, na njia yenyewe humchuja asiyeweza. Mtawala wa Abruzzi wa Italia alipokwea kilele hicho mwaka 1906, alikuja na waongozaji kutoka Courmayeur, mji ulio upande wa pili wa Mont Blanc huohuo, kwa sababu alijua kwamba barafu haina huruma kwa mtu asiyeizoea. Chamonix, kinyume chake, mtu hunywa kahawa mjini saa mbili asubuhi, na kabla ya saa tatu amesimama kwenye baridi kali na hewa nyepesi, pengine amevaa viatu vya kutembelea barabarani.

Wenyeji walijifunza mapema kwamba mchezo wa mgeni unaweza kumuua mwenyeji. Mwaka 1820 waongozaji watatu walizolewa na poromoko la theluji walipokuwa wakiwapeleka wageni Mont Blanc, na maiti zao zilitokeza chini ya mto wa barafu miaka 41 baadaye. Mwaka uliofuata ajali hiyo, yaani 1821, waliunda Chama cha Waongozaji, ambacho kiliweka zamu za kazi na kuwakumbuka waliopatwa na ajali. Lakini uokozi wenyewe ulibaki kuwa jambo la hiari. Waliokwenda kuwatafuta waliopotea walikuwa waongozaji hao hao na walimu wa shule za kupanda milima, ikiwamo shule ya jeshi iliyokuwapo mjini tangu mwaka 1932. Moyo walikuwa nao. Kilichokosekana ni mtu mmoja mwenye amri.

Upungufu huo ulionekana waziwazi mwishoni mwa mwaka 1956. Tarehe 22 Desemba kijana Mfaransa na mwenzake Mbelgiji waliondoka Chamonix kwenda kupanda Mont Blanc kwa njia ngumu iliyo upande wa Italia. Huko juu walikutana na Mwitalia Walter Bonatti, mpandaji mashuhuri, aliyefuatana na ofisa kijana wa jeshi la milimani la Italia. Dhoruba ikawakuta wote. Bonatti na mwenzake walifanikiwa kuvuka kilele na kufika kwenye kibanda, ingawa yule ofisa aliungua vibaya kwa baridi. Vijana wawili hawakuweza kuwafuata. Walikwama kwenye uwanda wa theluji wenye mwinuko upatao mita 4,000, na mjini watu waliwatazama kwa darubini wakiwa hai.

Siku zikapita katika majadiliano. Wakuu wa uokozi walisema kwamba theluji ni nyingi mno na kwamba kuwapeleka watu kwa miguu ni kuongeza maiti. Hoja hiyo haikuwa ya kipuuzi. Lakini Lionel Terray, mwongozaji wa sifa kubwa, hakuikubali. Akaondoka na watu wachache wa kujitolea, na tendo hilo likamletea ugomvi na wenzake. Tarehe 31 Desemba jeshi la anga lilituma helikopta ya aina ya Sikorsky, yenye marubani wawili na waongozaji wawili. Ilianguka kwenye theluji karibu na wale vijana.

Marubani wa helikopta wanaijua sababu. Kadiri chombo kinavyopanda, hewa hupungua uzito. Mapanga hukosa kitu cha kushika, na injini ya pistoni hupoteza nguvu. Jeshi la Uganda nalo lilipata msiba katika mlima mrefu tarehe 12 Agosti 2012, pale helikopta zake tatu za Mi-24, zikiwa safarini kwenda Somalia, zilipoangukia Mlima Kenya. Baadhi ya askari walifariki, na wengine waliokolewa na waokoaji wa Kenya waliowafuata majabalini.

Pale Mont Blanc waokoaji waligeuka kuwa watu wa kuokolewa. Waongozaji waliona kwamba hawawezi kuwapandisha marubani na vijana wote pamoja. Wakawalaza vijana ndani ya mabaki ya helikopta, wakaenda na marubani hadi kibandani. Tarehe 3 Januari 1957 helikopta ndogo za Alouette, zenye injini ya tabini isiyochoka upesi huko juu, ziliwachukua waliokuwa kibandani. Vijana wakaachwa. Maiti zao ziliteremshwa mwezi wa Machi.

Ghadhabu ya watu ilikuwa kubwa, na serikali ya Paris ililazimika kuamua. Mwaka 1958 uokozi wa milimani uliwekwa chini ya dola, ukakabidhiwa Jandarmeri, ambao ni polisi wenye utaratibu wa kijeshi, pamoja na vikosi vya polisi wa taifa. Kikosi maalumu cha Jandarmeri kikaundwa Chamonix mwaka huohuo. Hicho ndicho kinachojulikana sasa kwa herufi PGHM.

Askari wa kikosi hicho ni wapandaji hodari kabla ya kuwa waokoaji. Wako zamu usiku na mchana, na helikopta husubiri bondeni. Hali ya hewa ikiruhusu, askari na daktari huteremshwa kwa winchi mpaka alipo majeruhi. Hali isiporuhusu, huenda kwa miguu. Hata hivyo hawaachi kuwa polisi. Mtu akifa, wao ndio wanaochunguza: kamba ilikatika au ilifunguliwa? Mwongozaji alizembea? Hapana shaka hii ni kazi nzito, kumbeba marehemu mchana na kuandika taarifa ya kifo chake usiku. Na sheria huko haiogopi cheo. Baada ya poromoko la theluji kuua watu 12 katika kijiji cha Montroc, ndani ya eneo la Chamonix, tarehe 9 Februari 1999, meya mwenyewe alitiwa hatiani mwaka 2003 kwa kutowaondoa wakazi mapema, ingawa kifungo chake kiliahirishwa.

Sasa joto linaongeza kazi. Barafu iliyoshikilia mawe inayeyuka, na mawe huporomoka kwenye njia ya kawaida ya Mont Blanc. Tangu mwaka 2019 anayelala njiani sharti awe amejiwekea nafasi kibandani, na askari hukagua. Mwezi wa Agosti 1922 ingekuwa kichekesho kumdai mpandaji amana. Agosti 2022 meya wa mji jirani wa Saint-Gervais alipendekeza kila mpandaji aweke euro 15,000, yaani 10,000 za uokozi na 5,000 za mazishi. Wengi walimlaumu, lakini hasira yake inaeleweka: alichoshwa na watu wanaokwenda juu katika hali ya hatari wakijua kwamba helikopta itakuja.

Pendekezo hilo halikuwa sheria. Aliyeumia katika viwanja vya kutelezea anaweza kudaiwa gharama na halmashauri ya mji, kwa mujibu wa sheria ya mwaka 1985. Lakini aliyekwama juu ya mlima, awe stadi au mjinga, hufuatwa na askari bila kulipa, na miongoni mwa askari hao wapo waliokufa wakiwa kazini.