Mzigo Ufike, na Punda Awe Hai: Kweli na Uongo Kuhusu Wanaotetea Mifugo

"Punda afe, mzigo ufike." Methali hii lazima ilitungwa na mtu aliyekuwa na punda wa pili zizini. Kuanzia 2016, wachota maji, wabeba mpunga na wenye mikokoteni wa Naivasha, Kajiado na Mwea nchini Kenya walianza kuamka alfajiri na kukuta kamba imekatwa. Wengine waliwakuta punda wao kichakani, nyama imeachwa na ngozi imekwenda. Wa pili hakuwepo, na mzigo haukufika.

Kilio hicho kilizaa harakati iliyofika hadi Addis Ababa. Hata hivyo, ukitaja vibarazani habari za watu wanaojitolea kutetea punda, ng'ombe na kuku, utasikia maneno mengi yasiyo na mguu. Haya ni baadhi yake.

"Hayo ni mambo ya Wazungu walioshiba."

Uongo, ingawa habari ya fedha ina ukweli wake. Kliniki ya punda ya Lamu ilianzishwa 1987 na The Donkey Sanctuary, shirika la Uingereza. Brooke, shirika jingine linalofadhili kazi ya punda Kenya, lilianzia Cairo 1934, baada ya Dorothy Brooke kuwakuta huko farasi wazee wa vita wakiendelea kufanyishwa kazi ngumu. Anayesema hela nyingi hutoka ng'ambo hajakosea.

Lakini hela haikeshi nje na tochi. Biashara ya ngozi ilipopamba moto, waliolinda kwa zamu, waliofika kwa chifu na waliokwenda kulalamika kwa wakubwa walikuwa wenye punda wenyewe. Wengi walikuwa akina mama, maana punda akiibwa, mtungi unarudi kichwani na kuni zinarudi mgongoni. Februari 2020 Peter Munya, aliyekuwa Waziri wa Kilimo wa Kenya, alitangaza kwamba machinjio ya punda yafungwe. Alikuwa akijibu malalamiko ya wizi. Hakuna Mzungu aliyekuwa ameibiwa punda Naivasha.

Mashirika ya hapa yapo pia: ANAW la Nairobi limekuwapo tangu 2006, na TAWESO linafanya kazi Tanzania. Zaidi ya hayo, mfugaji wa Kimaasai anayemjua kila ng'ombe wake kwa rangi na kwa ukoo hangoji semina ya kumwambia kwamba mnyama huumia.

"Ngozi ikiwa na soko, dawa ni kufuga punda wengi zaidi."

Uongo. Hoja hii inastahili kujibiwa kwa utulivu, maana huletwa na watu wenye akili zao.

Ngozi inayotafutwa huchemshwa ikatoa gundi iitwayo ejiao, inayotumika China katika dawa za asili na bidhaa za urembo. China yenyewe ilikuwa na punda wapatao milioni 11 mwanzoni mwa miaka ya 1990. Leo hawafiki milioni 3. Nchi yenye mitaji, wataalamu na mashamba makubwa imeshindwa kuwazalisha kwa kasi ya mahitaji, ndipo wanunuzi wakageukia Afrika.

Sababu iko tumboni mwa punda jike. Hubeba mimba mwaka mzima au zaidi, na huzaa mtoto mmoja. Mtoto huyo hafai kuvuta mzigo mzito mpaka afikishe miaka mitatu au minne. Mbuzi katika muda huohuo amekwisha kuwa bibi.

Sasa tazama hesabu. Kenya ilikuwa na machinjio manne yenye leseni: Mogotio, Naivasha, Machakos na Turkana. Taasisi ya utafiti wa kilimo na mifugo ya nchi hiyo, KALRO, ilieleza kwamba kati ya Aprili 2016 na Desemba 2018 walichinjwa punda 301,977, yaani asilimia 15.4 ya punda wote wa nchi. Kwa wastani ni zaidi ya asilimia 5 kila mwaka, wakati ongezeko la asili lilikuwa karibu asilimia 1. Kwa mwendo huo hakuna ufugaji wa kuziba pengo. Mwenye machinjio atanunua walioko, atapokea walioibwa, kisha atangoja wanaovushwa mpakani kutoka Tanzania na Ethiopia.

Basi kinachobaki ni kuwalinda walioko. Katika mambo yote ambayo watu wa kujitolea wanaweza kufanya kwa hilo, kubwa kuliko yote kwa maoni yangu ni daftari. Kikundi chenye orodha ya wanachama, punda wao, alama zao na tarehe za wizi kinaweza kuingia kituo cha polisi, au ofisi ya mbunge, na kitu cha kuweka mezani. Kisicho na daftari kitaingia na huzuni, na huzuni haifunguliwi jalada.

"Kama si daktari wa mifugo, huna msaada wowote."

Nusu kweli. Sindano, chanjo na dawa za minyoo mwachie daktari au afisa mifugo. Jirani anayechoma sindano ya dawa iliyobaki kwenye chupa ya ng'ombe hasaidii, anaharibu.

Lakini vidonda vingi vya punda havitokani na ugonjwa. Vinatokana na jinsi anavyofungwa, na hilo halihitaji shahada. Chukua nira. Nira ilitengenezwa kwa ajili ya ng'ombe, na ng'ombe wetu ana nundu: mti unakaa mbele ya nundu na yeye anausukuma. Punda hana nundu. Ukimvisha nira ya ng'ombe, mti unakaa juu ya mfupa wa mabega, unapanda na kushuka kwa kila hatua, na baada ya majuma machache ngozi imeondoka. Nguvu ya punda iko kifuani. Anahitaji mkanda mpana unaopita kifuani, na tandiko laini mgongoni la kupokea uzito wa miti ya mkokoteni. Gunia lililokunjwa na kushonwa, au turubai kuukuu lenye kitambaa ndani, vinafaa. Kamba nyembamba ya nailoni hukata kama kisu.

Kwa punda wa shogi, jambo kubwa ni mizani: upande wa kulia na wa kushoto uwe sawa, na mzigo usigonge uti wa mgongo. Fundi viatu wa mtaani anayejitolea jioni mbili kwa mwezi kushona mikanda ataokoa migongo mingi kuliko mtu mwenye simu nzuri anayepiga picha za vidonda na kuondoka.

Na oili chafu ya gari isipakwe kidondani, hata kama babu yako aliipaka. Inachoma nyama hai. Osha kwa maji safi yenye chumvi kidogo, funika inzi wasitue, na umpumzishe mnyama. Hilo la mwisho ndilo gumu, maana siku ya punda kupumzika ni siku ya nyumba kutopata hela. Mtu wa kujitolea asiyelielewa hili atagombana na kila mwenye punda atakayekutana naye, na atakayerudi nyumbani na ushindi ni kidonda.

"Punda ni mkaidi, bila fimbo haendi."

Uongo. Farasi akiogopa hukimbia. Punda akiogopa husimama, anapima. Ukimchapa pale aliposimama unampa sababu ya pili ya kuogopa. Pia huficha maumivu, kwa hiyo akianza kuonyesha kwamba anaumwa, ujue ameumwa siku nyingi. Shukrani ya punda ni mateke, tunaambiwa, ila ni nadra msemaji kueleza punda huyo alitendewa nini kabla ya shukrani.

"Asili ya punda ni huku kwetu."

Kweli. Utafiti wa jeni za punda uliochapishwa 2022 ulionyesha kwamba walianza kufugwa Afrika Mashariki, yapata miaka 7,000 iliyopita, kisha wakasambaa kwingine duniani.

"Dini imetupa wanyama tuwatumie, basi."

Uongo, na anayesema hivyo hajasoma mpaka mwisho. Katika Sahih Muslim imepokewa kwamba Mtume Muhammad aliona punda aliyechomwa chapa usoni, akamlaani aliyemfanyia hivyo. Katika mkusanyo huohuo mwenye kuchinja ameamriwa anoe kisu chake na ampe mnyama raha. Wanaotembelea machinjio kuwakumbusha wachinjaji juu ya kisu butu hawajaleta jipya. Wanarudia darasa la madrasa.

Kwa Wakristo, Torati inakataza kumfunga kinywa ng'ombe anayepura nafaka, na kitabu cha Kutoka kinamtaka mtu amsaidie punda aliyelemewa na mzigo hata kama ni wa adui yake. Hapo ndipo penye uzito: hata chuki kwa mwenye mnyama si ruhusa ya kumwacha mnyama chini. Imamu au mchungaji mmoja akilisema hilo Ijumaa au Jumapili, kikundi cha kijiji kimeokolewa mikutano mingi.

"Wanataka tuache kula nyama."

Wapo wanaotaka, na ni haki yao kusema. Lakini wengi wa wanaofanya kazi hii katika vijiji na minada yetu utawakuta jioni kwenye nyama choma na kachumbari. Wanachouliza ni mnyama aliishi na kusafiri vipi kabla ya kufika kwenye jiko.

Chukua kuku. Amefungwa miguu, ananing'inia kichwa chini kwenye pikipiki, na wenzake kumi na tano. Ndege hana kiwambo kinachotenganisha kifua na tumbo kama sisi. Akining'inia hivyo, matumbo yanalalia vifuko vyake vya hewa, na kupumua kunakuwa kazi. Tenga la fito linagharimu kidogo, na kuku hufika wazima.

Au ng'ombe wanaopakiwa malori Shinyanga na Dodoma kwenda mnada wa Pugu, Dar es Salaam. Anayetandikwa fimbo njia nzima na kufika bila maji humaliza sukari iliyomo kwenye misuli yake. Akichinjwa katika hali hiyo, nyama huwa nyeusi, kavu, na huharibika upesi. Palipovilia damu hukatwa na kutupwa. Mfanyabiashara anayecheka neno "ustawi" huwa hacheki akionyeshwa kilo alizopoteza. Sioni aibu kutumia hoja ya mfukoni. Ng'ombe hajali kwa nini umeacha kumpiga.

"Marufuku ikishatoka, kazi imekwisha."

Uongo mtupu. Tangazo la Munya la 2020 lilipingwa mahakamani, na Mei 2021 Mahakama Kuu ya Kenya ikalitengua. Wenye punda waliokwisha kusherehekea walirudi kwenye zamu za usiku.

Kilichofuata kilikuwa kazi ya miaka. Tanzania nayo, baada ya kuruhusu machinjio Dodoma na Shinyanga, ilipiga marufuku biashara hiyo. Desemba 2022 wajumbe wa nchi za Afrika walikutana Dar es Salaam kujadili punda peke yake, jambo ambalo miaka kumi nyuma lingeonekana mzaha. Februari 2024, katika mkutano wa wakuu wa nchi wa Umoja wa Afrika huko Addis Ababa, ikapitishwa marufuku ya miaka 15 ya kuchinja punda kwa ajili ya ngozi, bara zima.

Ni ushindi mkubwa. Lakini azimio la Umoja wa Afrika halina askari wake; kila nchi lazima iliingize katika sheria zake na ilisimamie mipakani. Na soko bado lina njaa: The Donkey Sanctuary lilikadiria mwaka huohuo kwamba ejiao inahitaji ngozi zisizopungua milioni 5.9 kila mwaka. Uchinjaji umehamia vichakani, ambako hakuna mkaguzi wa nyama wala mwenye leseni wa kuulizwa. Zamu ya usiku bado inahitaji watu.

"Hakuna sheria, ukiripoti polisi watakucheka."

Sheria zipo. Tanzania ina Sheria ya Ustawi wa Wanyama, Namba 19 ya 2008. Kenya ina Sheria ya Kuzuia Ukatili kwa Wanyama, Sura ya 360. Kupakia mnyama kupita nguvu zake na kumfanyisha kazi akiwa mgonjwa ni makosa.

Kuchekwa kunawezekana. Ndiyo maana anzia kwa afisa mifugo wa kata, uende naye. Beba mahali, saa, na picha ya kidonda na mzigo, bila sura ya mwenye mnyama. Kumwanika mtu mtandaoni hufunga mlango ambao kesho utataka kuubisha. Ukimkuta punda ameanguka na mkokoteni, mfungue kwanza, msogezeni kivulini, mpeni maji, ndipo mlaumiane. Hata mkifika kwa hakimu, mimi ningependelea mtu aamriwe kushona mkanda wa kifuani na kukaguliwa baada ya mwezi kuliko kutozwa faini. Faini atailipa kwa kupakia magunia mawili zaidi, na atakayeyavuta ni punda yuleyule.